Herufi za wahenga ziko mikononi mwa nani?

Wiki hii nawaomba tuelekee mbali kidogo, kaskazini mwa Ulaya, katika nchi ya Sweden. Huko liko kundi la muziki liitwalo Therion. Mwezi Januari 2007 kundi hilo lilitoa albamu ya santuri mbili yenye nyimbo 15, ikaitwa Gothic Kabbalah, yaani Kabala ya Wagothi. Albamu yote inamhusu mtu mmoja aliyefariki mwaka 1652, pamoja na herufi za kale alizotumia maisha yake yote kuzisoma.

Muziki wenyewe si wa kubembelezea mtoto. Huitwa metali ya simfonia. Chukua magitaa ya umeme yenye kishindo, ongeza ngoma zinazokwenda mbio, halafu weka juu yake waimbaji wa opera, kwaya na fidla za okestra. Wako wazazi ambao wakisikia sauti hizo zikitoka chumbani kwa kijana wao husema mara moja: haya ni mambo ya shetani. Wako na vijana wanaojibu: ni ngoma tu, maneno hayana maana. Mimi naona pande zote mbili zimekata kesi kabla ya kumsikiliza shahidi. Maneno ya nyimbo hizi yana maana, na maana hiyo ina historia ndefu. Historia hiyo ina sehemu ambayo imelowa damu. Kwa hiyo hebu tuifuate polepole.

Kundi la Therion lilianzishwa mwaka 1987 katika mji wa Upplands Väsby, karibu na Stockholm. Kiongozi wake ni Christofer Johnsson. Mwanzoni walipiga muziki mkali wa kunguruma, wa aina ile ambayo vijana wa Ulaya huita metali ya mauti. Jina lao ni la Kigiriki, maana yake mnyama, na wasomaji wa kitabu cha Ufunuo watajua ni mnyama gani anayekusudiwa. Baadaye Johnsson akavutiwa na opera na okestra, na mwaka 1996 wakatoa albamu ya Theli ambayo wapenzi wengi wa muziki huu huihesabu kuwa miongoni mwa misingi ya metali ya simfonia.

Tangu miaka hiyo ya 1990 sehemu kubwa ya mashairi yao iliandikwa na Thomas Karlsson. Huyu ndiye aliyeanzisha mwaka 1989 chama kiitwacho Dragon Rouge, chama cha watu wanaojifunza uchawi na elimu ya batini. Kwa hiyo mzazi mwenye wasiwasi hakuota ndoto tu. Lakini mtu huyo huyo alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Stockholm mwaka 2010, na utafiti wake ulimhusu yule yule mtu wa karne ya 17 anayeimbwa katika albamu ya 2007.

Kundi hili limechota visima vingi. Mwaka 2000 walitoa albamu iitwayo Deggial, na jina hilo si jingine ila lile ambalo Waislamu wa pwani yetu wanalijua kama Dajali. Mwaka 2001 wakatoa Secret of the Runes, yaani Siri ya Runa, ambayo nyimbo zake zinapita katika dunia tisa za hekaya za kale za Skandinavia: dunia ya wanadamu, ya miungu, ya majitu, ya moto, ya ukungu, ya wafu na nyinginezo. Ndipo mwaka 2007 wakarudi kwenye runa, safari hii kupitia mlango wa mtu mmoja.

Je, runa ni nini? Ni herufi walizotumia watu wa kaskazini mwa Ulaya kabla hawajazoea herufi za Kilatini. Alfabeti yao ya kwanza ilikuwa na herufi 24, na baadaye, wakati wa Waviking, zikapunguzwa zikawa 16. Zina mistari iliyonyooka kwa sababu zilichongwa kwenye mti, mfupa na jiwe. Katika hekaya, mungu Odin ndiye aliyezipata baada ya kujitundika mtini kwa siku tisa. Lakini wataalamu wa leo husema zilitokana na herufi za watu wa kusini, kandokando ya bahari ya Mediterania, katika karne za kwanza baada ya Kristo.

Na zilitumika kwa kazi gani? Hapa nawaomba mtege sikio, maana hoja yangu yote inasimama juu ya jambo hili. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya runa yanayojulikana ni yale ya Vimose, Denmark, yaliyochongwa kwenye kitana cha nywele yapata mwaka 160. Katika jiji la Bergen, Norway, nyumba za bandarini ziliungua mwaka 1955, na watu walipochimba kifusi walikuta mamia ya vijiti vya runa vya zama za kati. Vijiti vingine vilikuwa vibandiko vya mizigo ya wafanyabiashara, vingine sala, vingine maneno ya mapenzi, vingine matusi. Kimoja ni cha mwanamke aitwaye Gyda, anayemtaka mtu arudi nyumbani. Bila shaka mtu huyo alikuwa kilabuni! Sweden nako kuna mawe ya runa zaidi ya 2,000, na sehemu kubwa iko katika jimbo la Uppland, jimbo lile lile la vijana wetu wa Therion. Mengi ya mawe hayo yana msalaba, kwani walioyasimamisha katika karne ya 11 walikuwa Wakristo wanaowakumbuka marehemu wao.

Kwa hiyo runa zilikuwa mali ya kila mtu: mchuuzi, mlevi, mjane na mchaji Mungu. Wakati mwingine zilitumika kwa uganga, kama vile pwani yetu herufi za Kiarabu ziliandika hati ya deni asubuhi na hirizi jioni. Lakini hazikuwa siri ya kabila teule la watu wenye nguvu zisizo za kawaida. Katika wilaya za ndani za jimbo la Dalarna wakulima waliendelea kuziandika hadi karne ya 19.

Sasa tufike kwa mtu wetu. Johannes Bureus alizaliwa mwaka 1568 huko Åkerby, katika Uppland, mtoto wa padri wa Kilutheri. Akawa karani katika ofisi ya mfalme. Miaka ya 1590 akavutiwa na mawe ya runa ambayo watu walikuwa wakiyapita kila siku bila kuyasoma, na mengine walikuwa wameyafanya vizingiti na mawe ya kujengea kuta za makanisa. Akajifundisha kuyasoma. Mwaka 1599 akaanza kuzunguka nchi kwa idhini ya mfalme akinakili maandishi hayo moja baada ya jingine. Mwaka 1611 akachapisha kitabu cha kufundishia watoto herufi hizo. Alikuwa pia mwalimu wa Gustav Adolf, aliyekuja kuwa mfalme mashuhuri, na mwaka 1630 akateuliwa kuwa mlinzi wa kwanza wa mambo ya kale wa taifa hilo.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Mawe mengi aliyoyachora yamepotea tangu wakati huo, na michoro yake na ya wasaidizi wake ndiyo ushahidi pekee tulio nao. Laiti kila nchi ingekuwa na Bureus wake kabla mvua na mafundi ujenzi hawajamaliza kazi yao!

Lakini Bureus hakutosheka na kunakili. Alisoma Kiebrania, akasoma vitabu vya Kabala, yaani elimu ya batini ya Wayahudi. Katika elimu hiyo kila herufi ni namba, na kila namba ni mlango wa maana iliyofichika. Jambo hili halitakuwa geni kwa wengi wenu. Herufi za Kiebrania na za Kiarabu ni ndugu wa ukoo mmoja, na hesabu ya abjadi inayojulikana katika pwani yetu, alifu ikiwa moja, be ikiwa mbili, jimu ikiwa tatu, ni dada ya hesabu hiyo ya Wayahudi. Aliyewahi kuona 786 imeandikwa juu ya barua au mlangoni ameiona kazi ya abjadi.

Bureus akafanya hivyo hivyo kwa runa. Akachagua runa 15, akazipanga katika makundi matatu ya tano tano na katika umbo la msalaba, akaziita Adulruna, yaani runa tukufu. Mwaka 1613 alipata maono aliyoamini yametoka mbinguni, na tangu hapo akajiona amekabidhiwa ujumbe. Miungu ya kale, Thor, Odin na Freya, akaifasiri kuwa kivuli cha Utatu wa Kikristo. Kwake yeye, runa, Biblia na Kabala vilisema neno moja.

Hapa ndipo elimu ilipoanza kuolewa na siasa. Sweden ya wakati ule ilikuwa nchi maskini yenye baridi kali ambayo ghafla ilikuwa inakuwa dola kubwa. Dola changa hutafuta babu mkongwe. Kwa hiyo wasomi wake walishika nadharia kwamba Wasweden ni Wagothi, wale walioiangusha Roma, na kwamba nchi yao ni chimbuko la mataifa. Gustav Adolf alipotawazwa mwaka 1617 alicheza katika mashindano ya farasi akiwa amevaa kama Berik, mfalme wa Wagothi katika masimulizi. Wafuasi wake walimwita Simba wa Kaskazini, simba wa utabiri, naye akaingia vitani Ujerumani mwaka 1630 na kuuawa Lützen mwaka 1632. Baada yao akaja Olof Rudbeck, profesa wa Uppsala, ambaye kuanzia mwaka 1679 alichapisha majuzuu manene kuthibitisha kwamba Atlantis, ile nchi ya hadithi ya Plato, ilikuwa Sweden. Leo wasomi wa Sweden wenyewe huicheka hoja hiyo. Wakati ule haikuwa kichekesho, kwani ilimpa kila askari sababu ya kuamini kwamba anarudishiwa kilicho chake.

Tuivuke miaka. Mwaka 1902 huko Vienna, mwandishi Guido von List alifanyiwa upasuaji wa macho, akakaa miezi bila kuona. Alisema kwamba katika giza hilo alifunuliwa siri ya runa, na mwaka 1908 akatoa kitabu kwa jina hilo hilo. Runa zake zilikuwa 18. Angalieni vizuri namba hiyo. Runa za kale ni 24, za Waviking ni 16, za Bureus ni 15. Hakuna jiwe, kitana wala kijiti chenye alfabeti ya runa 18 za List. Ni alfabeti aliyoitunga mwenyewe, akasema ni urithi wa damu ya Wajerumani wa kale. Runa moja ambayo jina lake la asili lilikuwa na maana ya jua, yeye aliipa jina linalokaribiana na neno la Kijerumani la ushindi.

List alikufa mwaka 1919. Lakini runa yake ya ushindi haikufa. Ikarudufiwa, zikawa mbili sambamba kama radi, zikashonwa kwenye kola za askari wa SS. Mwaka 1935 kiongozi wao Heinrich Himmler alianzisha taasisi ya Ahnenerbe, maana yake urithi wa mababu, iliyolipa wasomi watafute ushahidi wa ubora wa damu ya Kijerumani. Kisha yakafuata yale ambayo dunia inayajua: Wayahudi milioni sita waliuawa, na wengi wa waliosimamia mauaji hayo walikuwa wamevaa runa shingoni.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Bureus, msomi aliyetangulia kuzigeuza runa kuwa elimu kamili ya batini, alifundishwa njia hiyo na vitabu vya Wayahudi. Bila Kabala hakuna Adulruna. Miaka mia tatu baadaye, watu waliodai kuzitukuza runa waliwaangamiza watu wa Kabala. Walikula matunda, wakaukata mti, kisha wakasema matunda hayo waliyapanda wao.

Na moto haukuzimika vitani. Mwezi Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, mji ule ule wa vijiti vya Gyda, lilichomwa moto likabaki majivu. Makanisa mengine ya Norway yakafuata. Miongoni mwa waliohukumiwa kwa uchomaji huo walikuwemo vijana wa muziki wa metali, na baadhi yao walidai kulipiza kisasi cha miungu ya wahenga. Mwaka huo huo nyumba ya Christofer Johnsson wa Therion, huko Sweden, nayo ilishambuliwa kwa jaribio la kuichoma, na aliyefanya hivyo alikuwa shabiki wa kundi hilo la Norway. Na hata katika karne hii yapo makundi ya Kinazi mamboleo huko Skandinavia yanayoandamana chini ya bendera yenye runa.

Sasa turudi kwenye albamu yetu. Katika mazingira hayo, nini maana ya kundi la metali la Sweden kuimba runa mwaka 2007? Naweza kujibu mambo mawili, moja la kusifu na moja la kulaumu.

La kusifu ni hili. Albamu hii imezirudisha runa kwa mtu mwenye jina na tarehe. Wimbo mmoja una mwaka 1613 katika jina lake. Mwingine unaitwa kwa herufi za mwanzo za majina ya Thor, Odin na Freya. Mwingine unamtaja Simba wa Kaskazini kwa Kijerumani. Wa mwisho, wenye zaidi ya dakika 13, umebeba jina la Adulruna. Nyimbo ni 15, idadi sawa na runa za Bureus. Msikilizaji akitaka anaweza kwenda maktaba na kuuliza: huyu Bureus ni nani, alisoma nini, alimtumikia nani? Hilo ndilo List hakutaka liulizwe. Yeye alisema elimu yake imetoka katika damu, na damu haina ukurasa wa kufungua. Uongo wa aina hiyo hauwezi kustahimili tarehe. Tena, kwa kuweka neno Kabala kwenye jalada la mbele, albamu imekiri hadharani deni ambalo SS walilifuta kwa risasi. Wimbo wa kishindo umesema ukweli ambao madaktari wa Himmler waliukana.

La kulaumu ni kwamba siri hulewesha. Nyimbo hizi zinamtukuza Bureus kama mwenye hekima aliyeona lililofichika. Hazimwonyeshi Bureus mtumishi wa mfalme, ambaye elimu yake ilisaidia kujenga kiburi cha dola. Wala hazisemi chochote juu ya waliokuja baada yake. Albamu yao ya mwaka 2001 ilibeba jina lile lile la kitabu cha List. Sisemi kwamba kundi hili lina mawazo ya List, la hasha. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka 16 anayenunua santuri mbili hizo, kisha akaenda kutafuta zaidi kwa jina hilo, anaweza kuangukia mikononi mwa mmoja au wa mwingine, na wimbo haukumpa taa ya kuwatofautisha. Taa hiyo lazima itoke kwingine: kwa mwalimu, kwa mzazi, kwa gazeti.

Kwa hiyo yule mzazi aliyesema ni mambo ya shetani, namjibu hivi. Shetani wa runa hakukaa kwenye kishindo cha gitaa. Alikaa ofisini, akavaa suti na sare, akatoa ruzuku kwa maprofesa. Na yule kijana aliyesema maneno hayana maana, namjibu kwamba herufi mbili zilizoshonwa kwenye kola zilikuwa na maana ya kutosha kwa mamilioni ya watu.

Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Ni maneno ya kweli, nami siyapingi. Lakini historia hii ya kaskazini inatuongezea neno. Anayeturudisha kwenye asili tumwombe ushahidi, kama tunavyomwomba hati anayetuuzia shamba. Tumwulize: jambo hili limeandikwa wapi, na nani, mwaka gani, naye alijifunza kwa nani? Akijibu kwa tarehe na majina, tukae naye tusikilize, hata kama anapiga gitaa kwa kelele. Akijibu kwamba iko katika damu yetu, na kwamba jirani yetu hana sehemu ndani yake, basi tufunge mlango mapema.

Herufi zenyewe hazina hatia. Zilianza kwenye kitana cha nywele na kwenye kijiti cha mwanamke anayemtaka mtu wake arudi nyumbani. Waliozipeleka kwingine ni watu, na ni watu pia wanaoweza kuzirudisha.